Simu Iliyojaa Viuno na Matairi

Mtazame anavyokuja. Ni saa mbili asubuhi, mwenye duka la dawa ndiyo kwanza amemaliza kumwaga maji mbele ya mlango wake, na mama huyu anaruka vidimbwi kwa hatua fupi za haraka, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, mkoba begani, na simu mpya ameilaza kiganjani kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa hadi ukingoni. Hatua kumi nyuma yake anakuja mwanamume mrefu mwenye kofia, mikono mgongoni, anainama kukagua gurudumu la kila gari lililoegeshwa kando ya njia. Wa mbele ni Mama Inchi, fundi wa nguo. Wa nyuma ni mumewe, na mtaa mzima humwita Dereva, ingawa lori lenyewe alishalirudisha kwa wenyewe miaka mitatu iliyopita.

"Baba, tembea basi! Leo si siku ya kusalimia matairi."

"Natembea. Wewe ndiye unayekimbia."

Hilo jina la Inchi alipewa na wateja. Ukimlalamikia kwamba mkono umebana, jibu lake ni moja tu, "Ni inchi moja hiyo, mama, nakuongezea hapa hapa umesimama." Na kweli anakuongezea. Chumba chake cha kazi kimebanwa kati ya duka la dawa na mchonga funguo: cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya miguu, meza ya kukatia, pazia la kubadilishia nguo, kioo kilichomeguka pembe, na chini ya meza gunia la vipande vya vitambaa ambalo halijawahi kuonekana likiwa tupu.

Sasa ngoja nikueleze anavyofanya kazi, maana usipolijua hili, mengine yote yatakupita. Mama Inchi hapimi kwa kalamu. Zamani alipima hivyo, akaandika vipimo kwenye vikaratasi akavipanga mezani, mpaka siku feni ilipovipeperusha vyote na yeye akaviokota kwa kubahatisha. Wiki ile askari mmoja alikuja kuchukua suruali yake akakabidhiwa kitu cha mtoto wa darasa la tatu. Askari aliishika kwa vidole viwili, akaitazama, akamtazama fundi, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, nimekukosea nini?"

Tangu hapo anatumia simu. Anaiweka juu ya rafu, anabonyeza kitufe cha kurekodi, anaanza kupima. Lakini mdomoni ana pini, sita, nane, kumi, amezibana kwa midomo na hawezi kusema neno. Kwa hiyo anayesoma tepu kwa sauti ni mteja mwenyewe. Na hapo ndipo penye shughuli. Kwenye mabega watu husema kweli. Kwenye mikono husema kweli. Wakifika kiunoni, sauti hubadilika. "Thelathini... naa... ah, thelathini kamili." Mama Inchi hupokea kwa kichwa, kwa adabu zote. Mteja akishatoka na mlango ukishafungwa, anatema pini kiganjani, anaisogelea simu, ananong'ona, "Thelathini na tatu na nusu." Halafu anazima.

Ndiyo maana nguo zake zilimkaa kila mtu. Watu walisema fundi ana mkono mzuri. Mkono upo, sikatai, ila na mnong'ono nao ulikuwa na kazi yake. Hakuna aliyeujua isipokuwa mumewe.

Siku hii ninayokusimulia, alikuwa anamngojea Matroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali ya jirani. Kulikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja wa uuguzi waliotakiwa kushonewa sare, na kwa kawaida kazi kama hiyo hupelekwa karakana kubwa ya ghorofani, yenye mafundi ishirini. Mama Inchi alikwenda kwa Matroni mara tatu kuiomba. Mara ya tatu Matroni aliinua macho kutoka kwenye makaratasi yake.

"Nitawaleta saa nne. Saa sita wanatakiwa wodini. Ukiwapima wote, kazi ni yako. Nikiona unababaika, nawapandisha ghorofani siku hiyo hiyo."

Miaka ishirini na miwili Mama Inchi alikuwa ameshona mmoja mmoja: zipu ya huyu, pindo la yule, gauni la mtu anayesafiri kesho. Alichokitaka, na alimwambia mumewe peke yake, ni kusimama mlangoni pake asubuhi moja akaona kundi zima likipita, limevaa kazi ya mikono yake kuanzia kola mpaka pindo. Basi. Hilo tu.

Na siku mbili kabla ya Matroni kuja, simu yake ikateleza kwenye meza ya kupigia pasi, ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, na haikusema tena.

Dereva hakuwa na wasiwasi. Kila Jumapili alikuwa akimkumbusha mkewe kuhifadhi nakala ya kila kitu kule mtandaoni, na memori kadi nayo ilipona. Akaja na simu mpya, ndogo, akakaa nayo sebuleni mchana kutwa kuirejeshea vitu vya ile ya zamani. Sasa huyu bwana aliendesha lori miaka ishirini na minane, na sifa yake kubwa, ambayo ukikaa naye dakika tano utaisikia, ni kwamba hajawahi kuacha mzigo nyuma, hata kifurushi cha chumvi. Kwa hiyo simu ilipomwonyesha visanduku vidogo na kumwuliza arejeshe nini, yeye aliona bohari na mizigo imepangwa. Aache upi? Sauti zilizoko kwenye memori kadi: pakia. Sauti hizo hizo zilizohifadhiwa mtandaoni: pakia. Sauti hizo hizo ambazo mkewe alimtumia yeye kwa ujumbe kila jioni amtunzie: pakia. Na kwa kuwa kulikuwa na kisanduku cha kuuliza kama kuna simu nyingine, akapakia na simu yake mwenyewe, kisha hiyo yake akampa shemeji yake aliyekuwa hana.

"Vyote vimeingia, mama," alisema jioni ile akijifuta jasho kama aliyefunga turubai. "Hakuna kilichobaki."

"Mungu akuweke, baba."

Basi asubuhi hii Mama Inchi akafungua duka, akamalizia kupiga pasi nguo za jana, na saa nne ilipokaribia akaiweka simu juu ya rafu, akabonyeza ili ajaribu. Simu ikaandika: *Nafasi imejaa. Huwezi kurekodi.*

"Imejaa nini?"

"Imejaa... vitu."

"Simu ya juzi! Haijamaliza hata wiki hapa duniani, imekula nini mpaka ishibe hivi?"

Dereva akaifungua, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Viuno vya mtaa mzima vilikuwamo, kila kimoja mara tatu. Halafu akafungua picha, akafunga haraka.

"Fungua," akasema mkewe.

Akafungua.

"Mume wangu. Hii ni nini?"

"Tairi."

"Na hii?"

"Tairi."

"Na hii je?"

"Hiyo ni ile ile, upande wa ndani."

Unajua, kampuni yake ilimtaka apige picha ya kila tairi kabla ya kuondoka, lori lina matairi kumi, na alifanya hivyo miaka sita. Hakufuta hata moja. Mama Inchi alitaka kukasirika, nakuambia ukweli, alishavuta pumzi ya kukasirikia, lakini zilipofika tairi thelathini, zote nyeusi, zote za duara, akajikuta ameshika meza anacheka mpaka machozi.

"Cheka," alisema Dereva. "Hii ya kushoto ilinivusha mlima mzima na mvua."

Kabla hajaimaliza habari ya mlima, barabara ikajaa viatu vyeupe. Wanafunzi thelathini na mmoja waliingia wakaenea chumbani, wengine wakabaki nje, na mbele yao Matroni mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye miwani na saa ameibana kifuani. Hospitali nzima ilisema hajawahi kuonekana akicheka. Wengine walisema labda hana meno ya nyuma.

"Mama Inchi, tuko tayari?"

"Tuko tayari, Matroni wangu. Ni simu tu, inapumua kidogo."

"Kwani simu ndiyo inayopima?"

"Mimi napima. Yenyewe inasikiliza."

Matroni akatoa kalamu mfukoni akamnyooshea. Mama Inchi aliitazama kalamu ile kama yule askari alivyoitazama ile suruali. Watu thelathini na mmoja, kitambaa kimoja, rangi moja, vikaratasi thelathini na kimoja. Akaona kabisa mwanafunzi mwembamba anaingia wodini ameburuta sare kama shuka, na mwenzake mnene amekwama mlangoni. Angeazima simu ya nani? Ya Dereva ilishagawiwa, wanafunzi hawaruhusiwi simu wakiwa zamu, na ya Matroni na za majirani zilikuwa za vitufe, za kupiga na kutuma ujumbe tu.

"Nipe dakika chache, Matroni."

"Ni saa nne na dakika kumi."

Dereva akakaa kwenye kiti cha cherehani, akavua kofia, akaanza kufuta matairi. Wanafunzi walimzunguka.

"Babu, picha ya harusi yenu haimo?" akauliza mmoja mwenye mdomo mwepesi.

"Imo. Iko nyuma ya tairi ya akiba."

Walicheka, na yeye akaendelea kufuta, moja moja mwanzoni, akiziaga, halafu kwa mafungu. Akaingia kwenye sauti, akachagua zile za kutoka mtandaoni na zile za ujumbe, akabakiza za memori kadi peke yake. Maelfu ya vitu viliondoka. Akampa mkewe simu kwa mikono miwili. Mama Inchi akabonyeza.

*Nafasi imejaa.*

"Haiwezekani," alisema Dereva, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeshusha lori zima."

Matroni aliitazama saa yake. "Saa nne na nusu ikifika, tunapanda ghorofani."

Mama Inchi akiwa na wasiwasi hufagia. Ndivyo alivyo, ukimpa habari mbaya anatafuta ufagio. Akaanza kufagia vipande vya vitambaa katikati ya miguu ya watu, wanafunzi wakinyanyua viatu vyao vyeupe kimoja kimoja, akavijaza kwenye gunia, akalisukuma gunia chini ya meza. Likagoma kuingia. Akalisukuma kwa goti. Kisha akasimama, ufagio mkononi.

"Baba. Hivyo ulivyofuta, umevitupa wapi?"

"Nimevifuta, mama."

"Nimesikia. Lakini vimekwenda wapi? Mimi hapa nafagia, natia kwenye gunia, gunia nalirudisha chini ya meza. Mwulize huyu binti aliyekosa pa kukanyaga kama chumba kimeongezeka."

Dereva akainua kichwa kama mtu aliyesikia mlio mpya kwenye injini. Akaitazama simu upya. Akapekua huku, akapekua kule, na pembeni kabisa akakuta alama ya kipipa cha taka. Akakifungua.

"Zimo!" akapiga kelele mpaka mchonga funguo akachungulia dirishani. "Zote zimo! Inasema itazikalisha siku thelathini. Matairi yamejipanga humu kama abiria!"

Kulikuwa na neno moja tu la kubonyeza: *Safisha*. Kidole cha Dereva kikaenda, kikasimama hewani.

"Zikitoka humu, mama, hazirudi tena."

"Basi tuhakikishe kwanza. Chagua sauti moja, yoyote iliyomo pipani, uicheze, kisha unitafutie mwenzake huku nje. Akiwepo, safisha."

Dereva alichagua bila miwani. Na kwa kuwa injini zilimwachia masikio mazito, simu ilikuwa imefunguliwa sauti mpaka mwisho.

"Mabega, kumi na tano," ikasema sauti ya mwanamke kijana, iliyochoka. "Kifua, thelathini na sita. Kiuno..." Kimya. "Kiuno ishirini na nane." Halafu kikatoka kicheko, kicheko cha tumboni, kinachokatika na kurudi tena kwa kukoroma. "Usinitazame hivyo, fundi! Ishirini na nane! Nimetoka zamu ya usiku, nina haki ya ishirini na nane!" Kicheko tena, hatua, mlango.

Wanafunzi walikuwa wanacheka pamoja na sauti. Mama Inchi peke yake ndiye aliyekumbuka kinachofuata. Alirusha mkono kuizima simu, lakini kati yake na simu kulikuwa na meza na wauguzi wanne.

"Thelathini na mbili," ukanguruma mnong'ono wake mwenyewe chumba kizima. "Na hapo amebana pumzi."

Kicheko kilikatika, halafu mwanafunzi mmoja akageuka polepole kumtazama Matroni, akafuata wa pili, mpaka wote. Matroni alikuwa amevua miwani.

"Hiyo ni sauti yangu," akasema.

"Ya zamani, Matroni," Mama Inchi akajibu. "Miaka tisa. Ulikuwa bado hujawa Matroni."

"Na huyo wa mwisho?"

Angeweza kusema simu imechanganya. Dereva alikuwa ameshafungua mdomo kusema hivyo hivyo. Lakini Mama Inchi aliliona kundi lake, kola mpaka pindo, linapanda ngazi za ghorofani, na bado akasema, "Ni mimi, Matroni. Huwa naongeza. Watu wote nawaongezea, mkishatoka. Nisingekuongezea, gauni lingekupasukia umemshika mgonjwa."

Matroni alisafisha miwani yake kwa upindo wa koti. Aliisafisha muda mrefu.

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa nawatambia watu kwamba kiuno changu ni ishirini na nane, na ushahidi wangu ni lile gauni! Nilimwambia mpaka daktari!"

Akacheka. Na kicheko kilikuwa kile kile cha kwenye simu, kinachokatika na kurudi kwa kukoroma. Wanafunzi walitazamana kwanza, kama watu waliosikia ukuta umepiga chafya, kisha chumba kizima kikalipuka. Meno ya nyuma alikuwa nayo, yote.

"Mwenzake yupo?" Mama Inchi akamwuliza mumewe kwa kupaza sauti juu ya kelele.

"Yupo! Huyu hapa nje, mzima kabisa!"

"Basi bonyeza!"

"Sijawahi kumwaga mzigo, mke wangu."

Akaja akaweka kidole chake juu ya kidole cha mumewe, wakabonyeza pamoja. Simu ikafikiri, ikazungusha kiduara chake, ikatulia. Kitufe cha kurekodi kikawa chekundu.

Upimaji wa siku ile sijui kama utatokea tena. Mnong'ono ulikuwa umeshajulikana, hakuna wa kumdanganya. Mwanafunzi wa kwanza alisimama, akasoma mabega, akasoma kifua, akafika kiunoni, akajikohoza. "Ishirini na sita."

"Ongeza!" wakaitikia thelathini kwa pamoja.

"Na saba."

"Ongezaaa!"

Mama Inchi alicheka mpaka pini zikamtoka, akapiga magoti kuziokota, wauguzi wakamsaidia. Dereva alisimama mlangoni akihesabu wanaotoka, kwa sauti, kama anayepokea magunia: kumi na nane, kumi na tisa, huyu ishirini. Saa sita kasoro dakika saba akapima wa thelathini na mmoja.

"Kitambaa kinaletwa kesho," alisema Matroni, na wanafunzi wakashangilia kama waliopewa likizo.

Aliwatanguliza. Yeye akabaki, akarudishia mlango.

"Nichezee tena."

Mama Inchi akacheza ile iliyobaki. Matroni alisikiliza amesimama, kichwa ameinamisha kidogo, na kicheko kilipokwisha akainua kidole ili mnong'ono usifike.

"Nilikuwa nacheka hivyo kila siku, unajua? Tulikuwa wanne zamu ile. Sasa ukishakuwa mkubwa wa watu..." Akaiweka sawa saa yake kifuani. "Ifute, fundi."

"Nitaifuta, Matroni wangu."

"Na kwenye hilo gunia lake vilevile."

Wiki tano baadaye, asubuhi, mchonga funguo aligonga ukuta. "Mama Inchi! Njoo nje, wanakuja!" Akatoka na mkasi mkononi. Walikuwa wanashuka barabara wawili wawili, sare za buluu hafifu, kola zimelala, mikono imeishia pale pale inapotakiwa, na pindo zote, thelathini na moja, zimekwenda sawa kama mstari wa chaki. Mbele yao Matroni, katika gauni jipya. Dereva, kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya ndoa, hakutazama gurudumu lolote.

"Umeona, mama?"

"Nyamaza, baba. Naangalia."

Walipofika mlangoni, yule binti mwenye mdomo mwepesi akapaza sauti, "Ongeza!" na kundi zima likaitikia, na Matroni aliuma midomo, lakini mabega yalimtikisika mpaka wakakata kona.

Ile sauti bado imo kwenye simu. Nafasi siku hizi ipo tele, haimbani kitu. Siku ambazo kitambaa kinakataa kunyooka, au mteja amemkasirisha, Mama Inchi huicheza mara moja, anacheka na yule muuguzi kijana aliyetoka zamu ya usiku, kisha anarudi kazini. Juzi mchana, akiwa anapiga pasi, ujumbe ukaingia kutoka kwa Matroni: *Fundi, ile sauti umeifuta, au unanitunzia?*

Aliweka pasi kando. Akaifungua ile sauti, akabonyeza *futa*, na simu ikamwuliza kama inavyowauliza watu wote: *Una uhakika?* Kidole kiko juu, Matroni anasubiri jibu. Ungekuwa wewe, ungejibu nini?